Hatua ya Kusindikiza

Bukavu, tarehe 14 Oktoba

Papa mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Kikohozi kimepungua, na chakula unakila vizuri? Sisi ni wazima. Olive, kitindamimba wako, amemaliza kupaka rangi chumba utakachokaa ukihama kutoka Luhwindja kuja kwetu, na majirani wameshaanza kuuliza muzee anafika lini.

Kazini nimefundishwa adabu. Unajua ile mutuelle ya afya ya Kavumu, mfuko wa kuchangiana matibabu, iliyotaka programu ya kompyuta ya kupokea wagonjwa. Kazi yangu ni kuchora jinsi shughuli zao zinavyokwenda, ndipo wenzangu wajenge. Chuo kikuu walitupa mpango mmoja: uliza, chora, watu wakubali, jenga, kabidhi. Hakuna kurudi nyuma. Niliufuata kama katekisimu. Mkutanoni, mbele ya daktari wao, wauguzi wote waliukubali mchoro wangu, wakapiga makofi, tukanywa fanta. Programu ikajengwa, na hakuna aliyeigusa.

Nilirudi Kavumu nimenuna. Nikaitisha mkutano mwingine, na kila kitu kikawa kizuri tena. Ni maman Charlène, muuguzi wa watoto, aliyefungua kinywa alipokuwa akinisindikiza hadi barabara ya Goma. Alisema mchoro wangu unadai kadi ya uanachama kabla ya matibabu, na wao mtoto mwenye homa wanampokea kwanza, kadi italetwa baadaye na shangazi. Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Akacheka: "Mu réunion tuliitika juu docteur alikuwa pale. Ya kweli tunasemaka mu njia."

Basi nikaubadilisha mpango wa kitabuni. Kati ya kukubali na kujenga niliongeza hatua, nikaiita kusindikiza: baada ya mkutano natembea na mmoja mmoja, bila karatasi wala mkubwa wa kazi, kisha nachora upya. Modeste, mkubwa wetu, alisema hatua hiyo haipo popote duniani. Nilimjibu kwamba iko Kavumu. Sasa programu inatumika, naye anaisifu hatua hiyo mbele ya wageni kana kwamba aliizaa yeye.

Papa, tangu hapo moyo wangu hautulii. Kwenye kikao cha familia pale kwako, mbele ya mdogo wako tonton Gaston na ndugu wote, nilipokuuliza kama unakubali kuhamia kwangu, ulisema ndiyo, ni vizuri. Halafu ulichukua fimbo yako unisindikize hadi kwenye pikipiki. Nilikukataza, nikasema goti litakuuma.

Haikuwa goti. Niliogopa utaniambia hutaki. Tangu maman afariki uko peke yako katika nyumba ile, na hofu inanila, kwa hiyo niliichukua ile ndiyo nikakimbia nayo.

Jumamosi nitakuja. Ndani ya nyumba sitakuuliza kitu. Tutatoka wawili, twende polepole kadiri goti litakavyotaka, uniambie. Ukikataa nitalia kidogo, halafu nitapanda pikipiki.

Nisalimie tonton Gaston, na maman Rosalie anayekupikia. Mungu akutunze hadi tuonane.

Mwanao,
Godelive