Kufuli Tatu

Kilungu, Jumatatu

Kwako Ndinda, mwana wa mama,

Mvua bado, lakini michungwa imebeba. Watoto wanakusalimia.

Umeuliza mbona hatukuja kuombea duka lako jipya huko Sultan Hamud. Kikundi chetu cha akina mama kilianza na shilingi ishirini kila Alhamisi. Kwa miaka kumi na mbili tulinunua sufuria, tukanunua viti, halafu tukaanza kuweka pesa ya tangi la maji. Sanduku lina kufuli tatu, na kila ufunguo una mwenyewe, ili mtu asifungue peke yake.

Siku ya kumzika mama funguo zote zilikutana kwetu, kwa sababu kikundi ndicho kilicholipa gari la mwili. Kwaya ilipoanza kuimba tukatoka kwenda kaburini. Nikakwambia, "Ndinda, nifungie sanduku." Ukafunga vizuri, kufuli zote tatu.

Mwezi uliopita tulifungua tununue tangi. Tulikuta programu za mazishi, zenye picha ya mama, zimepangwa kwa mafungu kama noti.

Hakuna aliyetaja jina lako. Viti tumeuza, na mimi nimeuza ng'ombe. Bado haitoshi. Juzi walinichagua tena mweka hazina. Mama Nthiwa akanirudishia ufunguo, akasema, "Shika tu, Kaveke. Sasa ndani kuna nini?"

Sukari uliyotuma nairudisha pamoja na barua hii. Hatujaifungua.

Ni mimi dada yako, maana hilo siwezi kulibadilisha,
Kaveke