Mlango wa mama kwenye ukuta wangu

Jumamosi. Mvua ya hapa Hounslow, London, leo hainyeshi, inaning'inia. Tangu asubuhi imekaa hewani kama pumzi ya mtu aliyelala, na ndege zinashuka ndani yake bila kuonekana, unazisikia tu. Sina zamu. Mwili unauma uchovu wa wiki nzima, lakini sitaki kulala. Nikilala nitaamka nikidhani ya leo niliyaota.

Basi naandika kwanza.

Kwa miezi sasa nina wasiwasi na mama. Yuko kwetu Wete, Pemba, na dada yangu Raya ndiye anayemtazama. Kila wiki tunaongea kwa simu ya picha. Raya anasema mama hajambo. Mama mwenyewe anasema hajambo. Lakini mimi namwona uso tu, na uso wa mtu kwenye simu ni mdogo kuliko kiganja changu. Amekaa. Kila nikipiga, amekaa. Na sauti yake imekuwa nzito, kama mtu anayesema na tende shavuni. Nikimwuliza Raya, ananiambia ni mtandao.

Mtandao gani unaolemea upande mmoja wa mdomo?

Nilichokitaka ni kitu kimoja. Nimwone mama akisimama. Mzima, kwa urefu wake, toka mtandio mpaka vidole vya miguu, nijue kama bado anatembea.

Mwenzangu wa nyumba ni Baraka, Mkongo wa Uvira. Chumba chake kinatazamana na changu, katikati kuna ukumbi mwembamba tu. Kazi yake ni usafi kule uwanja wa ndege, na kanisani kwao ndiye anayeshika projekta, ile mashine inayotupa maneno ya nyimbo ukutani. Nilipomweleza shida yangu alicheka kidogo, akaniita kaka kwa lugha ya kwao, "Yaya, kule kwetu kanisani herufi moja inakuwaka kubwa kama mutu. Sasa mama yako ashindwe nini?"

Akaahidi kuileta Jumamosi asubuhi, kwa sharti irudi jioni hiyohiyo, maana kesho ni ibada.

Laptopu ninayo. Niliinunua kwa mtu, imechubuka kona, inafaa. Lakini tundu lake ni dogo, la kingo za mviringo, na waya wa projekta una kichwa kipana. Baraka alinipigia picha ya kile kichwa, nikapanda basi kwenda Southall baada ya kazi, na vumbi la saiti ya ujenzi bado kwenye nyusi. Duka niliingia kwa kubahatisha. Mzee wa Kihindi mwenye kilemba alitazama picha, akasikiliza Kiingereza changu, akaniuliza kwa Kiswahili natoka wapi.

"Pemba," nikasema.

"Mimi Kisumu. Hapo ni kama jirani, si ni kuvuka tu nchi moja na maji kidogo." Akatoa kamba fupi kwenye droo. "Hii adapta itaingia. Ukifika nyumbani, shika kitufe chenye alama ya dirisha, finya pamoja na P. Zitatokea njia nne za kuonyesha picha. Chagua ya pili, usiende ya tatu."

Nilitoka nikirudia njiani: ya pili, si ya tatu. Kwenye basi nikasinzia. Nilipoamka, hesabu ilikuwa imegeuka kichwani.

Shule yangu iliishia mapema, sioni haya kulisema hapa. Kiingereza cha saiti nakijua: beba, shusha, angalia kichwa. Kile cha kwenye kompyuta kinanitazama tu nami nakitazama.

Leo asubuhi tukaanza. Tulivuta mapazia. Tuliweka projekta kwenye kiti changu, picha ikatoka ndogo kama gazeti. Tukairudisha nyuma mpaka mlangoni, ikakua. Nyuma tena, mpaka ukumbini. Mwisho projekta ilikuwa juu ya kitanda cha Baraka, imeegemezwa kwa Biblia yake na viatu vyangu vya kazi, inamulika kupitia mlango wake, inavuka ukumbi, inapita mlango wangu, na kuangukia ukuta mweupe wa chumba changu, pembeni ya hita, mpaka sakafuni. Waya ulikuwa mfupi, kwa hiyo laptopu nayo ikabaki kitandani kwa Baraka.

Mwanga ule ulipita kati ya vyumba viwili kama barabara. Vumbi likawa linatembea ndani yake, polepole, bila haraka ya kufika.

Nikafinya nilivyofundishwa. Nikachagua ya tatu.

Ukutani ikatokea anga ya bluu, tupu. Kila kitu changu kilibaki kwenye laptopu, ukutani hakuna kitu. "Yaya, ukuta yako imekuwa paradiso, lakini watu hawajafika," akasema Baraka. Kanisani kwao waya umechomekwa siku zote, yeye huwasha tu. Nikaanza kuutafuta mshale wa kompyuta. Haupo. Nikausukuma huku na kule, na Baraka akanionyesha kwa kidole: ulikuwa kule chumbani kwangu, ukutani, mdogo, mweupe, umesimama peke yake katikati ya bluu.

Ulikuwa umetoka ukingoni mwa skrini moja na kuingia nyingine. Sikujua kwamba inawezekana. Niliusukuma kulia ukavuka, kushoto ukarudi. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Baraka aliniacha nifanye. Nafikiri naye alikuwa ana mahali pake pa kuvukia.

Kwao Laasiri ilipokwisha, nikapiga.

Mama akatokea kwenye laptopu, uso tu kama kawaida. Nikamsalimia, nikamshika kwa ule mshale, nikamvuta kuelekea ukingoni. Akaanza kwenda. Kuna wakati nusu ya uso wake ilikuwa kitandani kwa Baraka na nusu kwenye ukuta wangu. Jicho moja huku, jicho moja kule, na mdomo unasema, "Hamadi, mbona umenyamaza?"

Nikamvuta mpaka akafika.

Nilivuka ukumbi nikaingia chumbani kwangu, na mama yangu alikuwa amejaa ukuta mzima. Sauti yake lakini ilitoka nyuma, kwa Baraka. Alikuwa mbele yangu na ananiita kutoka mgongoni. Nikashika kitasa cha mlango.

Sasa, ukubwa wa ukutani si ukweli. Projekta humfanya mtu vyovyote unavyotaka. Nilijua hilo, nimebeba milango na mbao za dari ghorofa kwa ghorofa, najua kitu kikiwa hakijapimwa. Kwa hiyo nilikuwa nimewaza kipimo. Mlango wa chumba cha mama ni mfupi. Nikiwa kijana nilikuwa najigonga ubao wake wa juu kila nikiingia kwa haraka, hapahapa, juu kidogo ya nyusi. Kovu lipo. Nikiufanya mlango ule unifike kwenye kovu, basi na atakayesimama chini yake atakuwa wa kweli.

Nikamwomba Raya arudi nyuma na simu, aionyeshe nyumba. Akasita, akarudi nyuma. Mlango ukatokea, na pazia lake la maua. Nikajibana pembeni ya mwanga, nikamwambia Baraka asogeze projekta mbele, nyuma, mbele kidogo, mpaka kizingiti kikakaa sakafuni na ubao wa juu ukasimama sawa na kovu langu.

Nikasema, "Mama, hebu simama mlangoni nikuone."

Raya akadakia upesi. "Mwache, kaka. Ndiyo kwanza amekaa."

"Nitasimama," akasema mama.

"Mama, utasimama siku nyingine."

"Raya. Mtoto ameniambia nisimame."

 Nyuma yangu Baraka akaongeza sauti ya laptopu.

Mama akainuka kwa mkono mmoja. Ule wa kushoto ulikuwa umekunjwa kifuani, kama mtu aliyebeba kifaranga. Akashika ukuta akaanza kwenda. Mguu wa kulia ulitangulia, wa kushoto ukaburutwa. Kutoka kitini hadi mlangoni hata picha ilikuwa inamwonea huruma, ikaganda kidogo, ikamwachia. Alipofika aligeuka, akaegemea fremu, akasema, "Haya, nishasimama."

Nikauliza tangu lini. Raya ndiye aliyejibu, akiwa nyuma ya simu simwoni. Tangu kabla ya Ramadhani. Kiharusi chepesi, daktari alisema. Hawakutaka kunitia fikira, na mimi niko mbali na kazi zangu za ofisini.

Hapo ndipo mama alipocheka.

"Ofisini wapi," akasema. "Ofisi gani hiyo ina vitanda?"

Sikuwa nimeiwaza kamera. Miaka yote nampigia nikiwa nimeshika simu karibu na uso, nimevaa shati jeupe, na nyuma yangu ukuta mweupe. Leo laptopu ilikuwa kitandani kwa Baraka, na kamera yake ilikuwa inaniona kwa mbali, mzima, pamoja na kila kitu kati yetu: kona ya kitanda cha Baraka, ndala za ukumbini, kitanda changu, sufuria yangu sakafuni, koti la njano la saiti kwenye msumari, goti langu nililolifunga bandeji.

"Mbona umekonda hivyo weye?" akasema. "Na hilo goti?"

"Nilianguka ngazini, mama. Kazini. Nabeba vitu."

"Nilijua," akasema. "Mtu wa ofisini hakohoi vumbi. Na huyo aliyejificha hapo pembeni nani?"

Baraka akachungulia kwenye kamera. "Jambo, mama. Uko muzuri? Ni mimi Baraka."

"Sijambo, mwanangu. Unakula weye, au mnakonda wote?"

"Mimi ninakulaka, mama. Huyu ndiye anakatala."

Walicheka wote wawili, na mimi nilisimama katikati ya kicheko chao, kimoja mbele na kimoja nyuma.

Kisha nikataka kumsogelea. Sijui nilitaka kufanya nini, pengine kumshika tu ule mkono uliokunjwa. Nikapiga hatua, kivuli changu kikamwangukia, na mama akafutika. Palibaki umbo langu jeusi tu, mabega na kichwa. Nikarudi pembeni, akarudi. Nikajaribu tena taratibu, nikitanguliza mkono. Mkono ukamfuta bega.

Kadiri ninavyomkaribia ndivyo anavyopotea. Ili awepo, lazima nikae pembeni.

Nikachukua kalamu ya seremala kwenye suruali ya kazi. Kwa pembeni, nikinyoosha mkono nisimfunike, nikaweka alama juu ya mtandio wake. "Unafanya nini?" akauliza. Nikamwambia nampima. Akajitahidi kunyooka. Niliona alivyojitahidi.

Mtandao ukakatika baada ya hapo, au Raya aliukata ili amkalishe. Ukutani ikarudi ile anga ya bluu.

Baraka ameondoka sasa hivi kuirudisha projekta, ameifunga kwenye mfuko wa taka isilowe. Alivyokuwa anatoka ameniambia, "Yaya, kesho nitamuombea mama. Na wewe omba kwa upande yako." Nimeitikia.

Chumba kimekuwa kile kile. Hita inagonga. Ukuta ni mweupe, una alama moja ndogo ya kalamu. Nimekwenda kusimama hapo. Siku zote kichwani mwangu mama ananifika begani. Ningeapa. Alama inanifika kifuani, chini ya mfupa wa bega. Nimejipima tena bila viatu, nikidhani ni viatu.

Mlango haukubadilika. Mlango ulikuwa sawa.

Karatasi zangu za kukaa hapa zilishatoka, naweza kwenda na kurudi. Kila mwaka nimekuwa na sababu, na nyuma ya sababu zote kulikuwa na moja: niliona aibu kufika mikono mitupu kwa mtu anayeniamini nina ofisi. Sasa ameshaiona ofisi. Amecheka. Sina tena cha kusubiri, na yeye hana muda wa kunisubiri niwe nacho.

Jumatatu, kabla sijavaa kofia ya saiti, nitamwendea msimamizi nimwombe ruhusa ndefu. Akikataa nitakwenda hivyohivyo, kazi ya kubeba haikosekani London.

Alama sitaifuta. Mwenye nyumba akiuliza, nitamwambia ni ya kazi.

Nikifika Wete nitaingia kwa mlango ule, na nitakumbuka kuinama.

Au nitauacha unigonge.