Inspekta Dornbach na Mtuhumiwa wa Sokon I

Jumapili, 3 Agosti 2025

Wifi Agnela kaondoka leo kurudi Ujerumani. Kaacha chokoleti zilizoyeyuka njiani zikaganda upya, koti la mvua lisilomtosha mtu yeyote hapa Sekei, Arusha, na boksi la DVD: Inspekta Dornbach, toka sehemu ya kwanza hadi ya mwisho. Zawadi ya baba yake. Mzee Elimringi, baba mkwe wangu, kalipakata lile boksi tangu tuliporudi kanisani. Wajukuu wake hakuwapakata hivyo!

Sababu naijua. Miaka ya tisini Baba alikuwa na banda la video kata ya Sokon I. Mikanda yake karibu yote ilikuwa ya huyu Dornbach, Kijerumani kitupu. Basi yeye akawa anasimama kando ya TV na kipaza sauti, anatafsiri. Watu walijaa mpaka madirishani. Hadi leo wazee fulani wakikutana naye sokoni wanamwita Inspekta, na yeye anaitika bila aibu.

Kasoro ni moja tu. Baba hajui Kijerumani.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimetoka shule nimechoka, namkuta kashavaa miwani, kakaa mbele ya TV. Tukaanza. DVD ina maandishi ya Kiingereza chini, madogo madogo, kwa hiyo mimi nasoma, namweleza kwa Kiswahili.

Kwanza huyu Dornbach mwenyewe. Mpelelezi gani huyu? Ana mafua kila siku. Anakula soseji ndani ya gari. Muuaji akikimbia, yeye anamwangalia tu kama mtu aliyeachwa na basi, kisha anapiga chafya. Na eti anasifika nchi nzima!

Halafu hadithi. Kwa miaka yote hii najua — marehemu mume wangu Elihuruma alinihadithia tukiwa wachumba — kwamba katika sehemu ya kwanza mke wa daktari alimtilia mumewe sumu kwa ajili ya shamba. Leo nasoma: yule mama si mke wa daktari. Ni dada yake Dornbach. Hana sumu, hana shamba. Kaja kumletea kaka yake soksi.

Nikamwambia Baba. "Wajerumani wamebadilisha," kasema. Akaenda kulala kanuna.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku nzito. Binti yangu Sia katwambia mezani kwamba Oscar anataka kuleta posa. Nikafurahi! Oscar tunamjua — daktari wa mifugo, mpole, ndiye aliyemponya ndama wa jirani. Mwarusha, ndiyo, na sisi Wachaga tuna midomo yetu, lakini mimi sina neno. Baba naye akauliza kistaarabu: ni mtoto wa nani huko kwao?

"Wa Mzee Lemomo. Mwenye mashine ya kusaga pale Sokon I."

Baba kamwaga chai.

Ilibidi Sia asimuliwe, na msimulizi nikawa mimi maana Baba alijidai anafuta meza. Mashine ya Lemomo ilipakana na banda la video. Ikiwashwa, hakuna anayesikia kitu. Baba akamwomba aizime jioni, Lemomo akasema watu wanakula ugali, hawali video. Basi Baba akalipiza kwa njia yake. Kwenye ile sehemu ya mwenye kinu cha kusaga unga, bwana mmoja mnene mwenye kofia, akamtangaza kwa kipaza sauti: "Jamani, huyu hapa Lemomo! Mtuhumiwa ndiye huyu!" Banda zima likalipuka kwa kicheko. Kila wiki ikawa hivyo. Akitokea mnene yeyote, ni Lemomo, na ndiye muuaji.

Jina halikutoka tena. Mpaka leo dereva wa bodaboda ukimwambia akupeleke kwa Mtuhumiwa, anakufikisha mlangoni bila swali.

Sia hakucheka. Kasema Oscar alipigana miaka yote ya shule kwa sababu ya jina hilo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, hakuna shule. Oscar kaja peke yake, kasimama barazani kama mgonjwa anayesubiri majibu. Shikamoo Babu, shikamoo Mama. Akasema kwa adabu sana kwamba baba yake hatatuma mtu kuposa katika nyumba iliyomfanya muuaji. Hachukii Wachaga, hamchukii Sia. Ila hatatuma mtu.

Baba: "Ilikuwa sinema tu!"

Oscar: "Babu, mama yangu bado akienda harusini anatambulishwa mke wa Mtuhumiwa."

Nilimkuta Sia jikoni analia, analifuta jiko ambalo lilikuwa safi. Mwanangu si mtu wa machozi. Hata alipomzika baba yake alisimama wima akinishika mimi. Nimeumia, na nimemkasirikia huyu mzee.

Jumapili, 10 Agosti

Nimembembeleza Baba aende Sokon I akaombe radhi. Hataki! Eti mtu haombi radhi kwa kazi ya sanaa. Sanaa! Nikamkumbusha dada yake Dornbach na soksi zake. Akaongeza sauti ya redio.

Mchana kapiga simu Mzee Lerionka, kaka mkubwa wa Lemomo. Mdogo wake ana sharti. Hataki radhi ya chumbani. Alichafuliwa mbele ya watu, asafishwe mbele ya watu. Ile ile sehemu ya mwenye kinu ionyeshwe kama ilivyo, mdomo ule ule uitafsiri kwa haki, na walioketi kwenye banda enzi zile waalikwe.

Nilidhani Baba atakataa. Akauliza tu: "Kipaza sauti kitakuwepo?"

Jumatano, 13 Agosti

Mazoezi kila jioni. Tumepita sehemu nyingi sasa, na sijakuta hata moja ambayo Baba alisema kweli. Mchungaji aliyemkamatisha kwa wizi ndiye aliyeibiwa. Yule "jambazi wa Nairobi" ni mwalimu wa piano. Na wale wanene wote aliowaita Lemomo! Mmoja anauza maua. Mwingine ni jaji. Namsomea, yeye anatikisa kichwa kama anayesikia habari za wizi uliofanywa na mtu mwingine.

Nilitaka tuione na hiyo ya kinu leo, umeme ukakatika; eti utarudi Jumamosi. Si neno. Mzee aliyekosea zote hawezi kupatia moja. Nimemwambia Oscar, nimemwambia Sia, nimempigia hata mama yake Oscar: njooni bila wasiwasi, yule bwana ni msafi kama pamba. Mimi Mwalimu Anande nimesema. Sia kanikumbatia kwa nguvu, mara ya kwanza wiki nzima.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nimekaa juu ya gunia la mkaa, stoo, nyuma ya jiko. Nimewaambia naenda kuangalia pilau.

Wamekuja wote! Mzee Lemomo na suti ya kijivu, mkewe, Mzee Lerionka na shuka lake jekundu na fimbo. Wazee wa banda la zamani wamejaa sebuleni hadi mlangoni, wengine nilidhani walishakufa. Lemomo alisimama kabla hatujaanza akasema anaheshimu nyumba hii kwa kukubali. Na akasema garini kuna asali na mablanketi ya posa, na kaka yake ana ruhusa ya kusema neno lao leo hii, ukweli ukishasikika. Sia alikuwa nyuma yangu. Nilisikia anavuta pumzi.

Tukaanza. Mimi chini kwenye mkeka na miwani, rimoti mkononi, nasoma yale maandishi madogo na kumnong'oneza Baba. Yeye kwenye kiti na kipaza sauti cha kwaya. Na nikiri — anaweza! Hakuongeza chumvi hata punje. Tarishi akapita na barua kwenye baiskeli, Baba akamwigizia kengele. Dornbach akapiga chafya, Baba akapiga chafya. Mwenye kinu akatokea na kofia yake, sebule nzima ikashika roho, Baba akasema taratibu: "Huyu ni bwana mwenye kinu. Ni mtu anayelisha kijiji." Mama yake Oscar akafuta macho. Lemomo akacheka. Kwanza kidogo, baadaye akapiga paja na kumwambia kaka yake kitu kwa lugha yao.

Halafu Dornbach akaingia ndani ya kinu. Akafunga mwavuli. Akamtazama yule bwana mnene, yule bwana akavua kofia, akaongea. Nikasoma.

Nikasoma tena.

"Ndiyo. Nilimuua mimi."

Nikabonyeza rimoti, picha ikasimama. Mungu wangu! Mara moja tu katika maisha yake mzee huyu alisema kweli, na alikuwa anabahatisha!

Pembeni ya TV alikaa Oscar. Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Alisoma. Nikamwona anasoma. Akanitazama, kisha akainua macho akaanza kuchunguza dari yetu kwa makini.

Wengine hawajui kitu. Wanasubiri. Namsikia Lemomo anawaambia wazee kwamba sasa ndipo atakapotajwa muuaji mwenyewe, msikilize vizuri. Nikirudi nikabonyeza, yule bwana atatiwa pingu mbele yao. Pingu hazihitaji mtafsiri. Na mimi ndiye niliyempigia mama wa watu simu! Wiki mbili namcheka mzee kwa kusema asichokijua, na mimi nimesema nini?

Sia kaja mlangoni. Hakuniuliza. Kaniona uso, akaegemea ukuta, akasema, "Mama, tafadhali." Basi. Akarudi kwa wageni na sinia la soda.

Sasa kaja Baba. Anapumua kwa shida, kaja na kipaza sauti chake, kakizima. Nikamweleza. Ningetegemea acheke, ashangilie, aniambie unaona! Hakucheka. Alisimama gizani kati ya magunia, akafikiri.

"Pingu?"

Nikasema pingu.

"Basi watamkamata kimakosa. Na kesho yake wanamwachia na kumwomba radhi, kijiji kizima. Nitaisema vizuri." Akanigusa bega. "Picha ni za Wajerumani, mwanangu. Maneno ni yangu. Wewe nitajie tu mtu. Nani amefanya?"

Yuko hapo mlangoni, anasubiri jibu. Sebuleni wameanza kupiga makofi, wanatuita.

Nafikiria yule tarishi. Mwembamba, mpole, alipita mara moja na baiskeli. Na hana ndugu Arusha.