Roboti Ambayo Mama Hakuingoja

Nyansiongo, Sabato alasiri. Mvua imepita ikaacha ukungu mwembamba juu ya majani ya chai, na ng'ombe wa jirani wanalia kama walio mbali sana. Mama amelala kwenye kochi. Natazama kifua chake kikipanda na kushuka. Sina hakika kama mimi mwenyewe niko macho.

Jana tulipata majibu ya maabara.

Nirudi nyuma kidogo, maana wiki hizi zimechanganyika kichwani kama ndoto za homa. Mama alikuwa anaona damu chooni akanyamaza. Nilipogundua, nilimpeleka hospitali Kisii. Wakampima kwa kamera, wakakuta uvimbe kwenye utumbo mpana. Saratani. Neno hilo lilipotamkwa, nilichosikia ni feni ikizunguka.

Kaka yangu Mokaya, anayefanya kazi Nairobi, alisoma kila alichokiona mtandaoni. Alitaka Mama apasuliwe kwa roboti, ng'ambo, hata kama ni kungoja miezi apate nafasi. Nami niliipenda ile roboti, siwezi kuficha. Nikifumba macho naiona: nyeupe, mikono mingi, haitetemeki. Nilitaka Mama aguswe na kitu kisichokosea.

Daktari aliyepaswa kumpasua pale Kisii ni mwanamke mpole wa kutoka upande wa ziwani. Alitueleza kwamba yeye hupasua kwa matundu madogo: kamera hupita tundu moja, vyombo hupita mengine, naye hufuata kila kitu kwenye skrini. Mama alisikiliza, mikono mapajani, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha polepole:

"Daktari, hiyo roboti, nani anaiambia ikate wapi?"

"Ni daktari, mama. Anakaa pembeni akiiendesha."

Daktari wetu hakuibeza roboti. Alisema humsaidia daktari kuona vizuri na kugeuza vyombo mahali pembamba, na kwa saratani nyingine huo ni msaada mkubwa. Ila kwa uvimbe kama wa Mama, wagonjwa wa njia zote mbili hupona karibu sawa. Kilichomtia yeye wasiwasi ni kungoja.

"Na hayo matundu yakikushinda?" Mama akauliza.

"Nitapasua kwa upana. Siwezi kukuachia ugonjwa ili upate kovu dogo."

Mama akanigeukia, akaniambia kwa Ekegusii, lugha yetu, "Huyu amenionyesha hata pale anapoweza kushindwa. Nitabaki naye."

Mokaya alikasirika sana kwenye simu. Akasema tunacheza na maisha ya Mama.

Lakini siku ya upasuaji alikuja. Tulikaa benchi moja. Jua la dirishani likanilevya, nikasinzia, nikamwona Mama akitembea katikati ya chai yetu na taa ndogo inawaka tumboni mwake, na mtu asiyeonekana anamulika humo taratibu, bila haraka yoyote. Sikuogopa. Nilitamani tu asiizime.

Mokaya akanigusa bega. Daktari alikuwa amesimama mbele yetu, kofia mkononi, macho yamechoka. Uvimbe umetoka wote, alisema, na hakulazimika kupasua kwa upana.

Kaka yangu alilia pale pale, mbele ya watu.

Kesho yake Mama alitembea akishika ukuta, akinung'unika kwamba uji wa hospitali hauna ladha.

Na jana, majibu. Kingo za kilichokatwa ni safi, hazina saratani. Tezi za karibu na uvimbe nazo ni safi. Hahitaji dawa za kemo, ila atarudi kupimwa mara kwa mara, kwa miaka.

"Kwa hivyo nimepona?" Mama aliuliza.

"Mpaka hapa, ndiyo," daktari akajibu.

Mama aliridhika kabisa. Akaomba tupitie soko la Daraja Mbili anunue ndizi.

Mimi ndiye niliyebaki na yale maneno. Ukungu umefika mlangoni sasa, Mama anakoroma kidogo, na mimi bado nahesabu pumzi zake kama mlinzi asiyejua zamu yake imekwisha. Mtu hujifunza vipi kulala usingizi mzito ndani ya "mpaka hapa"?