Ukuta Niliopanda na Msikiti Mnaoukana

Doha, chumba cha dereva, nyuma ya nyumba ya mwajiri wangu.

Kwa mdogo wangu Hamisi, Korogwe.

Asalaam aleikum. Nakusalimu kwa sababu salamu ni wajibu, siyo kwa sababu nimefurahi. Mgongo wako vipi? Mvua zimenyesha? Watoto wanakula? Mimi mzima, tena mzima sana, gari naendesha kutoka hapa mpaka Lusail bila miwani, na walinzi wa Kikenya wa geti la jirani wananiita Babu Chuma. Ya afya yameisha.

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, polepole, anakuletea mama mmoja wa Muheza anayerudi likizo. Sauti kwenye simu sikutumii tena. Ile niliyokutumia umeipeleka kijiweni mkaisikiliza na kahawa, mkacheka mpaka mkapaliwa. Mama Mwanaidi kaniambia yote. Na usiende kumgombeza, mke wangu hanifichi kitu.

Sasa nakueleza upya, nawe uisome kwa sauti hapo hapo kijiweni.

Mwajiri wangu, mzee wa Kiarabu, magoti yamemkataa. Akataka kutembea China, mji unaitwa Xi'an, wenyewe wanatamka Shian, mji wa kale wa wafalme. Wanawe wakasema watamkodia mtu wa kusukuma kiti chake cha magurudumu. Akasema, "La, nataka Sefu. Sefu haniangushi." Sefu ndiye mimi, kaka yako. Wewe umewahi kuitwa na nani hata mpaka Mombo?

Siku ya kwanza tukapanda ukuta. Unauzunguka mji wa kale wote, juu ni mpana malori yanapishana, watu wanakodi baiskeli wanaendesha huko huko juu. Nimemsukuma mzee kutoka lango moja hadi lango la pili, vijana wa Kichina wamechoka wamekaa, mimi naenda. Ndiyo nikakwambia nimepanda ukuta wa China. Mwanao mwalimu naye kasimama mbele za watu, "Baba mkubwa katudanganya, Ukuta wa China hauko mji huo, uko mbali kaskazini." Sawa, mwalimu kasoma. Mimi nilisema ukuta, nikasema wa China. Huo niliopanda uko wapi, Handeni?

Siku ya pili tukatoka nje ya mji kwenda kuona askari wa udongo. Mfalme wao wa zamani alizikwa na jeshi zima la udongo, maelfu, wamesimama ndani ya shimo kubwa kupita uwanja wa mpira, na kila mmoja ana sura yake. Mimi nimekuwa kamanda wa mgambo, mstari ukipinda naujua. Mstari mmoja umepinda. Nikamwambia anayetembeza wageni, akacheka tu, hajui kitu. Na mmoja wa wakubwa wao ana kitambi, anatazama kama anasubiri kuletewa chakula. Mwajiri akaniuliza, "Sefu, wacheka nini?" Nikamwambia, "Nimemwona mdogo wangu."

Hayo chekeni, nami nacheka. Lakini msikiti, Hamisi. Msikiti!

Nilisema nimesali Ijumaa katika msikiti usio na kuba, paa lake la vigae limejikunja pembeni kama majumba yao yote, na unapita ua baada ya ua ndipo ufike pa kusalia. Wewe ukasema, "Kaka kasali kwenye nyumba ya mizimu, hakujua." Mimi! Niliyekufundisha kutawadha!

Mlangoni pa ukumbi wa kusalia watalii wanazuiwa. Mzee mmoja mwenye kofia nyeupe akaninyooshea kiganja, simama. Nikamwambia asalaam aleikum. Akaitikia, akanishika mkono, akaniingiza mpaka safu ya mbele. Neno lingine hatukuelewana. Imamu alipoanza Alhamdu, nikajua kila kinachofuata, huko mwisho wa dunia, na mbao za ukutani zimechongwa Kurani tupu. Nililia. Soma hapo kwa sauti, Sefu alilia. Kisha mzee yule akanipeleka kunywa supu ya kondoo. Mkate unaumega mwenyewe ndani ya bakuli. Nilimega mapande ya kiume, mpishi akanirudishia bakuli mara mbili, anataka vipande kama kunde. Nimemega, Hamisi, kwa heshima ya mwenyeji wangu. Na huyo ndiye unayemwita mzimu?

Sasa sikia. Uwakala wa kumwozesha binti yangu Mwanaidi nilikupa kwa kuwa niko mbali. Ami yake bwana harusi akauliza, "Huyo mzee wa hadithi za China ndiye baba wa binti?" Ukajibu, "Msimjali, uzee umemwingia, mambo yote mimi." Mbele ya wakwe! Umenizika huku nakula.

Uwakala nimeurudisha kwangu. Mwajiri kanipa ruhusa, na ndoa isifungwe kabla sijafika. Nenda kwa wakwe kwa miguu yako useme, "Nilimsingizia kaka yangu." Maneno hayo hayo, usiyapambe. Mkono atakaoushika bwana harusi siku ile ni wangu.

Wewe nimekuweka shahidi. Hukuniomba wala hustahili, ila mama alituzaa wawili tu na sina pa kumtoa mwingine. Kazi ya shahidi ni kusema alichokiona na kunyamazia asichokiona. Jaribu, japo siku hiyo moja.

Nisalimie shangazi yetu, mwambie dawa ya miguu naileta. Nisalimie shemeji, mkeo, anayevumilia mengi. Mwanao mwalimu msalimie pia, mwambie nina swali kuhusu Handeni. Mwanangu Mwanaidi usimpe salamu zangu, nitampa mwenyewe.

Ni mimi kaka yako mkubwa, baba yake bibi harusi, mwenye akili zake zote,

Sefu