Sauti ya Njia ya Mizingani

Rungwa,
Jumapili, baada ya ibada.

Kaka yangu Danieli,

Shikamoo. Nakuamkia toka huku porini, na kwa mkono wako nawaamkia Baba na Mama. Mguu wa Mama unaendeleaje? Je, mtama mmeshauvuna, au ndege wamewawahi? Mimi ni mzima, ila nanuka moshi tu, maana ni msimu wa kurina asali na kijiji kizima kinanuka hivyo.

Nilipopanda mlimani kutafuta mtandao nilikuta ujumbe wako kwamba wamekuchagua mzee wa kanisa hapo Nduguti. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Halafu nikaona swali lako: "Mliwafanyaje watu wenu mpaka wanatoka wenyewe kushuhudia? Wa huku wanaitikia amina, kisha wanaenda kula." Jibu lake haliingii kwenye simu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Soma taratibu, na usimsomee Mama yote.

Nilipoletwa hapa kuwa mwinjilisti nilikuta kanisa linajaa na kwaya inaimba hadi unasisimka. Lakini Injili ilikuwa inaishia mlangoni. Nilihubiri "enendeni", nikarudia, nikarudia tena. Wakaitikia amina hadi bati likalia. Siku moja Mzee Lameki, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alinifuata nje akaniambia kwa upole kabisa, "Mwinjilisti, kazi ya kuhubiri ndiyo tuliyokuombea wewe. Sisi tutakusaidia kulima."

Sasa, ng'ambo ya msitu kuna kitongoji cha warina asali, kinaitwa Mizingani. Hakuna mtu wa kanisa aliyekuwa anafika huko. Wenyewe wakija dukani kununua chumvi, walikuwa wanasimama mbali mpaka duka libaki tupu. Nikiuliza kwa nini, mazungumzo yanahamia kwenye mvua.

Nikaamua kwenda mwenyewe. Ilikuwa mchana, jua la utosini. Nilipoingia kwenye miti mikubwa, ndege walinyamaza. Nyuki nao wakanyamaza, Kaka, na wewe unajua nyuki hawanyamazi mchana. Ndipo nikaitwa. Sauti haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke. Iliniita taratibu, kama mtu anayesimama mlangoni kuuliza kama uko ndani. Na haikuniita Rehema. Iliniita kwa lile jina la nyumbani alilonipa Bibi, ambalo huku hakuna anayelijua.

Niligeuka. Njia ilikuwa tupu, nyayo ni zangu peke yangu. Nilirudi mbio, kiatu kimoja mkononi.

Jumapili iliyofuata nilisimama madhabahuni kuwaambia watu waende, nikajiuliza: Nawatuma wapi, na mimi nimekimbia? Baada ya ibada niliwaita wazee, nikawaeleza yote bila kuficha. Hakuna aliyecheka. Kisha Mama Tabea, mtunza hazina wetu, mwanamke asiyeogopa hata fisi, akasema kwa sauti ndogo, "Hata mimi niliitwa. Kwa jina la utotoni."

Mzee mwingine akasema, "Na mimi." Wakafuatana hivyo hadi wakaisha. Kila mmoja wao alikuwa amewahi kuitwa, na kila mmoja alikaa kimya akiogopa kuonekana ana mambo ya kishirikina. Walikuwa wamekaa benchi moja miaka yote hiyo, na hofu moja, bila kuambiana.

Hapo nikaelewa ugonjwa wa kanisa langu. Watu wasioweza kuambiana wanachoogopa, watawaambiaje wengine wanachoamini?

"Basi twendeni wote," nikasema. "Na mimi nitatangulia."

Mzee Lameki akasimama. "Ukitangulia wewe mgeni, sisi wenyeji tutabaki na uso gani?" Akachukua fimbo yake.

Tulikwenda mchana uleule, tumeshikana kama watoto wanaovuka mto. Ndege wakanyamaza. Tukaanza kuitwa mmoja mmoja, kila mtu kwa jina lake la ndani, na mwenye jina alikuwa anabana mkono wa mwenzake. Wahenga wa hapa walikataza kabisa kumwitikia usiyemwona. Lakini ilipofika zamu yake, Mama Tabea alisimama katikati ya njia akapaza sauti, "Abee!"

Kimya. Jani halikutikisika. Mzee Lameki akajikaza akasema, "Naam!" Sisi wengine tukaitikia pamoja naye. Sauti haikuita tena, nasi tukatokea upande wa pili.

Mbele ya nyumba ya kwanza alisimama mzee Maganga, mkubwa wa kitongoji kile, ameshika panga.

"Miaka yote mnatuita tu," akasema. "Leo mmetufuata?"

"Nani anawaita?" akauliza Mama Tabea.

"Si nyie? Kila mchana tunaitwa majina yetu, na sauti inatokea upande wa kanisa lenu."

Mzee Lameki alivua kofia, akaketi chini kwenye vumbi, mbele ya lile panga. "Mzee mwenzangu," akasema, "hata sisi tunaitwa. Tulidhani ni nyie."

Maganga akashusha panga, akatuonyesha mlango. Ndani alilala mkewe, mwili unawaka homa, hawezi kusimama. Wenyewe walikuwa wanapita mbio kufuata chumvi, lakini waliogopa kumpitisha mgonjwa polepole msituni kumpeleka zahanati. Walikuwa wamekaa tu, wakimsubiri afe.

Tulikata miti, Mama Tabea akafungua kitenge chake, tukatengeneza machela. Msituni tuliitwa tena, na safari hii hata mgonjwa aliitwa jina lake. Mumewe akaitikia badala yake, "Yupo! Yupo hapa!" huku machozi yanamtoka, na hatukuishusha machela hadi zahanati. Yule mama alipona. Sasa anajifunza ubatizo. Mumewe bado, anakaa benchi la nyuma, kofia magotini, na hakuna anayemharakisha.

Unauliza tuliwafanyaje watu. Hatukuandaa semina, Kaka. Waumini waliona wazee wao wanarudi toka Mizingani na vumbi magotini, wakaanza kuuliza. Sasa kikao chetu cha wazee hakifunguliwi kwa hesabu za mapato. Kila mmoja anasema kwanza alimtembelea nani na alikwama wapi, na mimi ndiye ninayeanza. Kila mzee akienda, anaongozana na muumini ambaye hajawahi kwenda. Tunasalimia, tunasaidia kama kuna kazi, ndipo tunaeleza Bwana alivyotutendea. Na majirani zetu Waislamu hatubishani nao. Tunazikana na tunapikiana. Wewe nawe usianze na mahubiri. Kaa na wazee wenzako mwambiane mnachoogopa, halafu muwe wa kwanza kutoka.

Tangu siku ile sauti ya msituni imenyamaza. Nyuki wanalia mchana kutwa, na hakuna aliyeitwa tena.

Nisalimie shemeji yako wa Mtinko anayeuza kuku mnadani, shangazi mkunga, na baba mdogo fundi baiskeli, mwambie ile pampu bado inafanya kazi. Wanao wabusu.

Nilikuwa nimefika hapo, nataka kufunga bahasha, ndipo Mzee Lameki akabisha hodi akiwa na Maganga. Maganga anasema sauti imehamia ng'ambo ya mto, ndani kabisa ya pori la akiba. Ameisikia jana na leo. Inaita majina, mengi, wala hakuna hata moja ambalo yeye au Lameki analifahamu.

"Lakini huko hakai mtu," nikasema. "Ni wanyama tu."

"Hata sisi tulidhani hivyo," akajibu Maganga. "Lakini kila jina lililoitwa lilikuwa na mwenyewe."

Nilitaka kuuliza nani yuko tayari kwenda. Sikuwahi. Mzee Lameki alikuwa ameshasimama. "Alfajiri naenda kwa askari wa wanyamapori kuomba ruhusa," akasema. "Mama Tabea anakanda unga wa safari."

Tuombeeni, Kaka.

Mdogo wako akupendaye,
Rehema