Hodi Darasani Kwangu

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila mjukuu wako ameng'oka jino na hataki litupwe. Mapazia uliyotushonea nimeshayatundika, yamependeza kweli. Ijumaa wazazi wanatuandalia walimu sherehe, kuna keki na zawadi, na mwalimu mkuu amenichagua mimi nisome hotuba ya shukrani. Usiwaambie majirani bado, nakujua.

Uliniuliza mbona sauti yangu kwenye simu ilikuwa imekauka. Si mafua. Wiki iliyopita mzazi mmoja aliingia darasani kwangu bila hodi, kwa sababu nilimpa mwanawe sifuri baada ya kumkamata akiibia mtihani. Watoto wakasimama kumwamkia. Akanifokea, "Wewe si mwalimu tu, unajiona nani?" Mwalimu mkuu akaja mbio, akaniambia nimwombe radhi palepale ili yaishe. Nikaomba, Mama, watoto wote wakinitazama.

Tangu siku hiyo, nikiingia hawasimami. Wala siwakemei, maana wakinikatalia nitafanya nini? Wewe ulikuwa ukiingia tu, darasa linatulia kama maji mtungini.

Hotuba yenyewe hata sijaianza. Leo asubuhi nilifika mlangoni, chaki mkononi, nikawasikia wanacheka. Nikajikuta nabisha hodi, darasani kwangu mwenyewe.

Mmoja akajibu kutoka ndani, "Ngoja kwanza."

Nikangoja.

Mwanao,
yule unayemsifia kwa majirani